Kadi ya Radhi Iliyokwenda Kudhaa

Soko la samaki la Kismayo ndiyo kwanza linachangamka, na Zakia Gharibu ameishika kadi ya memori kwa meno. Kadi yenyewe ndogo, kama ukucha wa mtoto. Mkono mmoja unafuta chumvi kwenye tundu la kiredio kwa pindo la kanga, mkono wa pili unamzuia mteja asiegemee kompyuta.

"Ngoja, baba," anasema akiitoa kadi kinywani. "Kwanza niambie, hizi utasikiliza ukiwa na nani?"

Mteja ni Sabir, mvuvi wa Burgao, kijana mwenye mabega mapana na aibu nyingi. "Mimi mwenyewe, Bi Zakia. Na mabaharia wangu wawili."

"Basi zile za wanawake wanapomwogesha bibi harusi usiniombe."

"Sikuziomba."

"Ulikuwa unakuja huko huko, nakujua. Na Kurani nakutilia kadi yake peke yake."

"Si uweke humo humo tu? Nafasi ipo."

"Nafasi ipo, adabu haipo. Uko katikati ya wimbo, unatingisha kichwa, mara wimbo umekwisha na sura imeanza. Utajificha wapi na kichwa chako hicho?"

Muuza barafu wa jirani anacheka mpaka anaweka msumeno chini. Sabir anakubali kadi mbili. Ile ya Kurani Zakia anaitia doa la rangi ya kucha, ya kijani, ili hata gizani mtu aione tofauti kwa tochi, na anamwonya asiitie mfuko wa nyuma wa suruali akaikalia.

Hiyo ndiyo kazi yake, na usiione ndogo. Pwani hii yote, kutoka Kismayo mpaka visiwani, kuna watu wengi ambao redio yao haishiki stesheni yoyote. Wanavyo vile viredio vya kadi, vyekundu, vyeusi, vingine na taa za kumetameta kama vya watoto. Mtu anakwenda navyo baharini, anavitundika jikoni, anavilaza chini ya mto. Na kilichomo ndani, mara nyingi, kimepita kwenye vidole vya Zakia. Nusu dola kadi nzima, wanamrushia kwa simu. Siku nzuri wanakuja watu kumi na zaidi. Siku ya bahari chafu haji mtu, anabaki kuzungumza na muuza barafu.

Sasa, Sabir hakusoma. Wateja wengi wa Zakia hawakusoma, na viredio vyenyewe havina kioo cha kuonyesha jina la wimbo. Vina vitufe tu, cha mbele, cha nyuma na cha kusimamisha. Mtu kajaziwa nyimbo mia mbili, anautaka mmoja, ataupataje? Atabonyeza mpaka kidole kiote sugu.

Zakia alilifikiria hilo akapata dawa yake. Mbele ya kila fungu anaweka sauti yake mwenyewe. Leo, kwa ajili ya Sabir, anasogeza simu mdomoni, anasafisha koo na kusema taratibu: "Hapa ni Burgao. Nyimbo za kuvuta mashua." Anatulia kidogo. "Hapa ni Kismayo. Nyimbo za Kisomali." Halafu tena: "Hapa ni vichekesho. Ukiwa na mzee, pitisha."

"Ni kibao cha barabarani," anaeleza. "Ila hiki kinasomwa kwa sikio."

Ndiyo maana kuna watu wanaoijua sauti yake hawajapata kuuona uso wake. Siku moja yuko kwenye foleni ya kliniki, anamuuliza muuguzi jambo, mara bibi mmoja nyuma yake akamaka: "Hapa ni Fuma." Foleni nzima ikageuka. Bibi wa watu hakuwa na habari, yeye aliisikia tu sauti ya kiredio chake ikiuliza dawa ya kikohozi.

Fuma ndiko alikozaliwa. Baba yake, marehemu Mzee Gharibu, alikuwa fundi wa mashua, na alikuwa na redio ya kanda aliyoifungia kitambaa kama mtoto mchanga. Kanda ikikatika aliiunga kwa gundi ya mashua, na pale penye kiungo wimbo uliruka maneno mawili. Watoto wa Fuma waliujifunza wimbo hivyo hivyo, na maneno mawili hayamo. Zakia mpaka leo akiuimba anaruka. Anasema akiuimba wote kamili anahisi anaimba wimbo wa watu wengine.

Alipoolewa akaja Kismayo. Mume wake, Adnani, ni mpakuzi wa mizigo bandarini. Kompyuta yao ya kwanza waliinunua kwa watu waliokuwa wakifunga duka, haina herufi tatu, na moja katika hizo ni ile ya mwanzo wa jina la Zakia. Nani alimfundisha?

"Nilijifunza kwa kuharibu," anasema. "Nilifuta harusi nzima ya watu. Nikaenda kwao nikakaa chini, nikasema, harusi yenu nimeifuta. Walinipa chai, wakaniambia nisirudi. Baadaye wakarudi wao."

Mwanzoni zilikuwa nyimbo tu. Halafu wakaanza kuja kina mama na simu zao. Pwani hii watu wake wametawanyika, mwenzangu. Huyu yuko Mombasa, yule yuko Yemeni, mwingine Ulaya kwenye baridi, na wote wanatuma sauti kwa simu. Simu ikianguka majini, sauti ya mtoto wako imekwenda nayo. Basi wanamwambia, Bi Zakia, nitolee humu, nitilie kwenye kiredio, nimsikie mwanangu wakati ninapokuna nazi. Anatoa, anapanga, anatia kibao chake mbele: "Huyu ni mwanao wa Mombasa. Huyu ni wa Ulaya."

Na hapa ndipo tunapofika kwenye kadi ya Kudhaa, ambayo mpaka leo akiitaja anajishika kifua.

Katika kisiwa cha Kudhaa yuko bibi mmoja, Bi Dalila, mama wa mabinti watano. Katika ukoo wake, bibi harusi havuki kizingiti cha mama yake mpaka wakubwa wa kike wamempa radhi kwa mdomo, mmoja mmoja, kuanzia mzaliwa wa kwanza. Mdogo hasemi kabla ya mkubwa. Akisema, bibi harusi anakaa chini, na hainuki harusi mpaka mkubwa aombwe msamaha.

Mabinti wanne wa Bi Dalila wako mbali. Mkubwa ni Bi Ummi, yuko Mombasa. Wa mwisho kabisa ni Hanan, yuko Ulaya. Ni Thuraya peke yake aliyebaki kisiwani na mama yake, na ndiye mwenye mabinti wa kuozwa. Alipomwoza binti yake wa kwanza walijaribu radhi kwa simu. Laini ya Bi Ummi ikakatika, ya Hanan ikaingia, na Hanan kwa furaha zake akasema radhi yake yote mpaka mwisho. Bi Ummi alipopata laini akaambiwa mdogo wako keshasema. Akakata simu. Tangu hapo dada wale wawili hawakusalimiana.

Ikafika zamu ya binti wa pili wa Thuraya, Iman. Thuraya akampigia Zakia. "Simu sitaki tena. Wewe unajua kupanga. Kusanya sauti zao, nipangie, niletee kadi. Dada Ummi amekubali kwa sharti moja, awe wa kwanza. Hanan naye amekubali kuwa wa mwisho. Zakia, hii ikiharibika sina dada tena, nina maadui wawili."

Zakia akaipokea kazi kama amepokea mtoto. Sauti zikaja, moja leo, moja kesho. Ya Hanan ndiyo iliyochelewa. Ikaingia asubuhi ile ile ya safari, na nahodha Faris amesimama mbele ya kibanda na funguo za injini mkononi.

"Wee Zakia, maji yanatoka. Nikikwama kwenye mchanga nitakuita uje usukume."

"Dakika moja, nahodha."

"Dakika zako nazijua, zina watoto na wajukuu."

Lazima tueleze kitu hapa, maana ndipo mambo yote yalipo. Viredio hivi havijui majina. Hata ukiandika moja, mbili, tatu, havisomi. Vinafuata aliyeingia kwanza kwenye kadi, kama foleni ya kisimani. Zakia analijua hilo, na siku zote huingiza sauti moja moja kwa mkono, mkubwa kwanza, akisubiri iishe ndipo aweke nyingine. Siku ile, kwa sababu ya Faris na maji yake, akazikamata zote kwa pamoja akazivuta. Na ukizivuta pamoja, ile uliyoiwekea kidole ndiyo inayotangulia. Kidole kilikuwa wapi? Kilikuwa kwenye ile iliyokuwa imeingia sasa hivi. Kilikuwa kwa Hanan.

Kadi ikatiwa kwenye kiredio chekundu, kiredio kikafungwa kwenye mfuko wa nailoni, Faris akaondoka.

Zakia ana desturi ya kufanya kadi mbili za kila kazi, moja inakwenda, moja inabaki. Ile inayobaki huisikiliza mwanzo mpaka mwisho mchana, wateja wakipungua. Akaitia kwenye kiredio cha kazi, akakaa na kikombe cha chai.

Sauti ya kwanza ikasema: "Mwanangu Iman, nimemsikia dada yangu mkubwa Ummi, na mimi mdogo nafuata nyuma yake."

"Chai sikuinywa," anasema Zakia. "Mpaka leo sijui ilikwenda wapi."

Maana maneno yale yalikuwa ya adabu tupu, Hanan aliyatafuta ili wapatane. Lakini yakitangulia kabla Ummi hajasema neno, yanakuwa dhihaka. Yanakuwa kama mtu anayekaa kiti cha mkubwa wake halafu anasema, karibu nyuma yangu.

Akampigia Faris. Hapatikani, yuko baharini. Akampigia Thuraya. Mtandao wa Kudhaa una siku zake, na ile haikuwa siku yake. Akapiga mpaka jioni. Adnani aliporudi kutoka bandarini akamkuta amekaa na simu mapajani.

"Si unyamaze tu," Adnani akamwambia. "Watasema kiredio kimeharibika. Vinaharibika kila siku hivyo."

"Watasema kiredio. Halafu Ummi atasema Hanan. Mimi ndiye ninayejua kuwa ni mkono wangu."

Adnani akavua shati la kazi. Akamwekea salio kwenye simu, akaenda kuoga.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, siku yenyewe ya harusi, Zakia akapiga tena, simu ikaita. Thuraya akapokea na nyuma yake ngoma zinapimwa na watoto wanapiga kelele.

"Zakia, hujambo? Kiredio kimefika, kizuri, mama anacho."

"Thuraya, keti."

"Nimekamata sahani ya halua, niketi wapi. Sema."

Zakia akasema. Upande wa pili sahani ikawekwa mahali. "Zakia, umeniua."

"Sijakuua bado. Mmeshaifungua?"

"Mama amekataa isifunguliwe mpaka alasiri. Amekiweka mapajani, hata mimi hanipi. Nimwambie nini? Nimwambie kinataka chaji, nikichukue?"

Pale Zakia angeweza kusema ndiyo. Ingepita. Thuraya angekipeleka nyuma ya nyumba, akabonyeza, akarudi, na hakuna ambaye angejua. Lakini mtu akikuamini kukupa radhi zake uzipange, kumdanganya bibi mzima kwa habari ya chaji ni kazi nyingine, na hiyo Zakia hakuisomea.

"Mpe simu mama," akasema.

Ikachukua muda. Ukasikika mlio wa mkufu, kikohozi, halafu sauti kavu ya mtu mzima. "Nani huyu?"

"Mimi Zakia, mama. Zakia wa Gharibu."

"Hapa ni Fuma," akasema Bi Dalila, na hakucheka. "Una nini?"

Zakia akaeleza yote, hakuacha kitu, hata mlio wa funguo za Faris. Bi Dalila akamwacha amalize, ndipo akauliza.

"Nikuulize. Aliyetangulia ni yule mchu wangu mdogo, Hanan, au ni mkono wako?"

"Ni mkono wangu, mama."

"Hanan hakutaka kutangulia?"

"Hakutaka. Alitaka kuwa wa mwisho, na amesema hivyo hivyo kwa mdomo wake."

"Basi Hanan hana kosa. Mkono wako ndio utakaoomba radhi kwa Ummi. Uombe wewe, leo leo. Haye. Sasa kinatengenezwaje?"

"Mama, ukikiwasha, kabla hakijasema neno, bonyeza kile cha mbele mara moja. Kitamruka Hanan, kitaanza kwa sauti yangu na ya Bi Ummi. Ukikiacha kikaenda chenyewe, kikifika mwisho kinazunguka kinarudi mwanzo. Kinarudi kwa Hanan. Atakuwa wa mwisho, kama alivyotaka."

"Kinazunguka, najua. Unadhani Kurani yangu naisikilizaje? Nikitaka sura ya mwisho narudi nyuma mara moja, naikuta. Mimi na hiki kidude tunajuana, mwanangu. Wewe ndiye uliyetaka kutugombanisha."

Zakia akaomba apigiwe wakati wa radhi, naye asikie. Alasiri ilipofika Thuraya akapiga tena, akaiweka simu kwenye mkeka, na Zakia akasikiliza akiwa Kismayo, muuza barafu amezuia wateja kwa mkono. Kulikuwa na vigelegele, halafu kimya. Mlio wa kiredio kuwaka. Mlio wa kitufe, mara moja.

"Hizi ni radhi za Iman," ikasema sauti ya Zakia mwenyewe, ile aliyoitia kama kibao. Halafu Bi Ummi wa Mombasa, mzito, pole pole: "Bismillahi. Mwanangu, mimi ndiye wa kwanza."

Akasema wa pili. Akaanza wa tatu. Na hapo mtandao wa Kudhaa ukalala, simu ikafa, na Zakia akabaki na kimya sikioni.

Je, kilizunguka? Au mtu alikigusa? Hakujua. Alichokijua ni kwamba amri ya Bi Dalila ilikuwa leo leo. Akampigia Bi Ummi.

"Bi Ummi, mimi ndiye niliyepanga sauti. Nilimtanguliza Hanan kwa haraka zangu. Yeye hana habari. Naomba radhi."

Bi Ummi akavuta pumzi. "Na yeye alisema nini humo ndani? Hakuna aliyeniambia."

Zakia akasita. Sauti za watu hazisimulii hovyo, hiyo ni sheria yake. Lakini ile ilikuwa kadi ya Bi Ummi pia. Akakiweka kiredio cha kazi karibu na simu, akakiwasha, akabonyeza, akaacha kikaenda zamu zake zote, na Bi Ummi akajisikia mwenyewe wa kwanza, akawasikia wadogo zake, kikazunguka, kikafika: "Nimemsikia dada yangu mkubwa Ummi, na mimi mdogo nafuata nyuma yake."

"Rudisha hapo," akasema Bi Ummi.

Akarudisha.

"Tena."

Mara ya tatu Bi Ummi alikuwa anapenga kamasi. "Zakia, radhi umepata. Sasa nipe hiyo namba ya Ulaya. Niliifuta kwa hasira."

Faris aliporudi kutoka visiwani alimkuta Zakia amesimama nje ya kibanda, hajafungua hata kompyuta. Nahodha akajifanya anatafuta kitu kwenye kikapu.

"Faris, usinitese. Kilizunguka?"

"Kilizunguka. Bi Dalila alinyanyua kidole kila zamu kama anaongoza askari. Hanan alipomaliza, bibi harusi akavuka kizingiti, na mimi nikala wali mpaka nikalegeza mshipi." Akampa kifurushi, halua iliyofungwa kwa gazeti. "Na umepewa ujumbe na Bi Dalila. Safari nyingine nisisimame kwako na funguo mkononi. Nikae chini."

Tangu siku ile kuna kigoda mbele ya kibanda, na nahodha yeyote anayekuja kuchukua kadi anakaa. Faris anakiita kigoda cha korti.

Habari ilienea, kama zinavyoenea. Mtu angedhani wateja wangekimbia, maana amekosea na amesema mwenyewe. Imekuwa kinyume. Kutoka Koyama, kutoka Fuma, kutoka Burgao wanaleta radhi, wosia, dua za wazee, vitu ambavyo zamani mtu hakuvitoa nje ya nyumba yake. Muuza barafu anasema siku hizi anauza zaidi kwa watu wanaomsubiri Zakia kuliko kwa wavuvi. Zakia akisikia hivyo ananyoosha mgongo, anapanga viredio vyake upya mezani, na hakatai.

"Najivunia," anasema. "Kwa nini nisijivunie? Sauti za watu wetu ziko duniani kote, na zikitaka kukaa mahali pamoja kwa zamu zao, zinapita hapa."

Ana mpango. Iman, yule bibi harusi, ametuma salamu kuwa anataka kujifunza kazi, na Zakia anamtengenezea ile kompyuta isiyo na herufi tatu ili Kudhaa wawe na mpangaji wao. Kosa likitokea kule, litengenezwe kule kule, si kwa kungoja mtandao uamke.

Na kuna jingine, la nyumbani. Binti yake mkubwa amechumbiwa, na Zakia anataka naye apewe radhi kama Iman. Mama yake Zakia hayuko duniani, wala shangazi zake, na hilo lilimkaa moyoni, maana nani atakayetangulia? Aliposikia, Bi Dalila akatuma neno kwa Faris: "Mwambie mimi ndiye mkubwa wake. Asitie mchu yeyote kabla yangu."

Kadi iko pale mezani, mpya, ndani ya kikombe kisafi cha chai. Sauti za dada zake Zakia zimeshafika, za mawifi zimeshafika, hata Bi Ummi na Hanan wametuma zao, siku moja, dakika chache mmoja baada ya mwingine, na mkubwa alitangulia. Zote zinasubiri kwenye kompyuta.

Sabir wa Burgao, akiwa na kadi zake mbili mfukoni, mfuko wa mbele, anachungulia kikombe. "Na hii mbona tupu, Bi Zakia? Nafasi ipo."

"Ipo," anasema Zakia, na anakifunika kikombe kwa sahani. "Ina mwenyewe. Bi Dalila yuko njiani na Faris."